Usinifiche

(Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya makatekista, walimu wa kwaya, walezi wa watumishi wa altare na wazazi wa parokia yetu. Wengi walishindwa kufika wakaomba wapewe yote. Nimeyaacha kama yalivyonitoka. Picha za ukutani nimeziondoa, hata siku ile hazikusaidia sana.)

Tumsifu Yesu Kristo!

Mmeitika kidogo. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa najua mko macho.

Baba Paroko, mwenyekiti wa halmashauri, masista, makatekista, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: asanteni kwa kuja. Najua ukitangaza semina ya kanuni za kuwalinda watoto na wanyonge kanisani, watu hukumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa wa kutembelea. Ninyi mmekuja.

Naanza na mama mmoja mnayemfahamu. Hana. Aliomba mbele za Bwana kwa uchungu mpaka kuhani akadhani amelewa. Akapata mtoto, Samweli, akamwachisha ziwa, akampeleka Shilo, akamwacha huko amtumikie Mungu. Habari hii tumeihubiri mara ngapi? Imani ya Hana, sadaka ya Hana, wimbo wa Hana. Leo nauliza swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa mimbarini: Hana alimwacha mtoto wake katika nyumba ya namna gani?

Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili. Ni nyumba ambayo wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa wakiwapora watu nyama ya sadaka. Ni nyumba ambayo hao hao walikuwa wakilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Sikilizeni vizuri: wanawake waliohudumu. Hawakuwa wapita njia. Ni watu wa kanisa, waliokuja kutumika kanisani, wakaumizwa kanisani na watu wa altareni.

Je, Eli alijua? Alijua. Maandiko yanasema alisikia, tena kutoka kwa watu wote. Je, aliwakemea? Aliwakemea, kwa maneno mazito kweli. Je, aliwaondoa madhabahuni? Hapo ndipo pana shida. Kesho yake walirudi kazini. Na ukifika sura ya tatu, hukumu inayomwangukia Eli haisemi kwamba alikuwa mwovu. Inasema alijua, na hakuwazuia.

Na humo ndani, wakati huo wote, alikuwamo mtoto mdogo aliyevaa kanzu ambayo mama yake alimshonea na kumletea kila mwaka. Mimi hushona kidogo nyumbani, kwa hiyo mstari huo huwa unanisimamisha. Huwezi kumshonea mtoto kila mwaka bila kumpima. Unashika mabega, unanyoosha mkono, unamtazama amekuaje. Napenda kuamini kwamba Hana alitazama vizuri.

Nimekuja na jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: kumwamini mtu si ulinzi. Kumwamini mtu ni kitu kizuri, bila hiyo hatuwezi kuishi pamoja. Lakini si ulinzi.

Nitawaeleza kwa nini nasema hivyo, na hili ni langu mwenyewe, sikulisoma mahali. Miaka mingi iliyopita, katika parokia nyingine kabisa, nilikuwa mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa akijitolea kuliko sisi sote. Ufunguo wa sakristia alikuwa nao, wa ukumbi alikuwa nao. Mama mjane akikwama ada ya mtoto, yeye alikuwa wa kwanza kuchanga. Baada ya mazoezi aliwapeleka watoto nyumbani kwa gari lake bila kudai hata shilingi ya mafuta. Tulimpenda. Mimi nilimpenda. Kama mngeniuliza nani ni mtu salama kuliko wote, ningemtaja yeye kabla ya kujitaja mimi.

Mtoto wa mwisho kushushwa kwenye lile gari alikuwa yuleyule kila wiki. Niliona. Nataka mlisikie hili: niliona. Nikajiambia labda kwao ni mbali. Kwao hakukuwa mbali. Nilikuwa napafahamu kwao.

Baadaye yule kijana aliacha kutumikia, akawa mkali, akawa hataki hata kupita karibu na kanisa. Tukasema ni ujana. Tukamwombea, kwa kweli tulimwombea sana. Alikuja kusema akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Na yule kaka, kumbe, alikuwa amehama kutoka mahali pengine ambako nako walikuwa "wameyamaliza kimyakimya".

Nimefikiria sana jambo hili, na hivi ndivyo ninavyolielewa sasa. Anayetaka kumuumiza mtoto haanzi na mtoto. Anaanza na sisi. Anaanza na mama, na mlezi, na paroko. Anatuzoesha wema wake mpaka siku mtu akiuliza swali, tunaona aibu kwa niaba yake. Akishamaliza na sisi ndipo anamgeukia mtoto: zawadi ndogo, simu ya kuchezea, siri ndogo isiyo na madhara, "usimwambie mama kwamba nimekupa". Siri ya kwanza ni jaribio. Mtoto akiitunza, ya pili inakuwa kubwa zaidi. Na mwisho kabisa mtoto anaambiwa: wewe ndiye uliyetaka, na hata ukisema, nani atakuamini kuliko mimi? Na hapo, ndugu zangu, ndipo anaposema kweli. Nani angemwamini kuliko yeye? Sisi tulikuwa tumeshamwamini yeye.

Nchini Australia, tume ya kifalme iliyochunguza unyanyasaji wa watoto kingono katika taasisi za kila aina, makanisa yakiwemo, kuanzia 2013 hadi 2017, ilikutana faraghani na manusura zaidi ya 8,000. Waliwauliza ilichukua muda gani mpaka wakamwambia mtu. Wastani ulikuwa miaka 23.9. Karibu miaka 24! Chukua mtoto wa miaka 10 aliyekaa benchi la mbele Jumapili iliyopita. Kwa wastani huo utalisikia neno lake akiwa na miaka 34. Basi atakayesema "parokia yetu haina tatizo hilo, hatujawahi kusikia malalamiko" anapima ugonjwa kwa kipimo kilichochelewa robo karne.

Ndiyo maana kanuni zetu hazimwangalii mtu usoni. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawili, daima. Mlango wa chumba cha mafundisho una kioo, au unabaki wazi. Gari moja, watu wazima wawili, na mzazi amekubali kwa maandishi. Ujumbe wa simu unakwenda kwenye kundi ambalo wazazi wamo, hakuna kumwandikia mtoto kivyake usiku kumuuliza kama amekula. Kwenye kambi na hija, watu wazima hawalali chumba kimoja na watoto. Kila anayetaka kuhudumu anajaza fomu, analeta wadhamini wawili, na wadhamini wanapigiwa simu kweli, hawaandikwi tu. Taarifa ya polisi tunaiomba pia, ila msiitegemee kama hirizi. Inakuonyesha aliyekamatwa. Yule kaka wa gari angeileta safi kabisa, tena na bahasha.

Kuna mzee hapa, simtaji, aliniambia wiki jana: "Mwanangu, miaka 30 nafundisha katekisimu, leo ndiyo mnanishuku?" Mzee wangu, hapana. Ukisafiri kwa ndege unapekuliwa wewe, anapekuliwa askofu, anapekuliwa mtoto mchanga na chupa yake ya maziwa. Hakuna anayesema rubani amenitukana. Siku tukianza kuwapekua tu wale tunaowashuku, tutakuwa tumemfungulia njia yule tunayempenda. Na hii inamlinda hata mwalimu mwema: anayefundisha mlango ukiwa wazi, mwenzake akiwa karibu, hata likizushwa neno ana shahidi. Baba Paroko amesema yeye ndiye wa kwanza kujaza fomu. Ameijaza, nimeiona, mwandiko hausomeki lakini imejazwa.

Sasa nije kwenye lile ninaloliogopa zaidi. Tukijua, tunafanya nini?

John Smyth alikuwa mwanasheria wa Uingereza na kiongozi wa kambi za vijana Wakristo. Aliwachapa vijana kikatili, katika kibanda cha nyumbani kwake, kwa jina la toba na utakatifu. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi wa kambi hizo walipata ripoti iliyoandikwa, yenye maelezo ya wazi. Hawakwenda polisi. Walimtaka aondoke. Naye akaondoka: 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine. Mwezi Desemba 1992 kijana wa miaka 16 akakutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi yake. Baadaye Smyth akahamia Afrika Kusini. Alifariki 2018 bila kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Novemba 2024 ripoti ya uchunguzi ilipotoka, ilisema walioumizwa katika nchi hizo wanazidi 100, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury wa Kanisa la Anglikana, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu, kwa sababu habari zilimfikia 2013 na hazikufuatiliwa ipasavyo.

Hao si Wakatoliki, najua. Msinyanyue mabega. Yetu tunayo. Ufaransa, Oktoba 2021, tume huru ilikadiria watoto 216,000 walioumizwa na mapadre na watawa tangu 1950, na 330,000 ukiwajumlisha walei waliokuwa wakihudumu katika taasisi za Kanisa. Walei, yaani sisi.

Niliposoma habari za Smyth jambo lililonikaa si ukatili wake. Ni upole wa wale waliojua. Walidhani wanalinda kazi ya Mungu. Walidhani kumhamisha ni kumaliza. Wakalisafirisha jeraha kwenda kwa watoto wa watu wengine, ng'ambo ya bahari. Eli na wale mabwana wangeelewana vizuri sana mezani.

Kwa hiyo, tukijua, hatuyamalizi kifamilia. Hatuwaiti wazazi wa pande mbili kuwapatanisha. Hatumwiti mtuhumiwa kumuuliza "eti ni kweli?", maana tukishafanya hivyo tumempa usiku mzima wa kufuta simu na kumtisha mtoto. Tunatoa taarifa kwa mratibu wa ulinzi wa parokia siku hiyohiyo, na kwa polisi na ustawi wa jamii kama sheria inavyotaka. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, polisi kwanza, mimi baadaye. Na Kanisa lenyewe limelisema: Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa, inayokataza aliyetoa taarifa kufungwa mdomo, na ambayo haiondoi wajibu wowote uliowekwa na sheria ya nchi. Desemba mwaka huohuo akaondoa siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa Kanisa, katika mashauri haya. Kwa hiyo mtu akikuambia "haya ni mambo ya ndani ya Kanisa, yasitoke", mwambie kwa heshima kwamba sheria ya Kanisa lenyewe haikubaliani naye.

Mtu ataniuliza kuhusu kitubio. Siri ya maungamo haivunjwi, na padre hawezi kuivunja kwa sababu yoyote. Lakini siri hiyo inamfunga padre aliye ndani ya kitubio. Haikufungi wewe mwalimu wa kwaya uliyeambiwa kwenye ngazi, wala haimfungi padre aliyeambiwa ofisini juu ya kikombe cha chai. Na mtoto akiungama kwamba anaumizwa, padre anaweza kumwambia kwa upole: hili si dhambi yako, na ukipenda, nje ya hapa niambie tena, au twende pamoja kwa mtu atakayekusaidia.

Sasa turudi Shilo, maana Eli alifanya jambo moja jema na nisingependa tumwache bila kulisema. Usiku ule Bwana alipomwita Samweli, ujumbe aliompa ulikuwa mbaya, tena ulimhusu Eli mwenyewe. Asubuhi mtoto akaamka, akafungua milango, akaendelea na kazi kama kawaida. Maandiko yanasema aliogopa kumwambia. Mnaiona picha hiyo? Mtoto mwenye neno zito kifuani, anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida. Wangapi wamefungua milango yetu hivyo? Wangapi wamewasha mishumaa hivyo?

Eli akamwita: "Samweli, mwanangu." Akamwambia, usinifiche. Na mtoto aliposema yote, mzee hakumkemea, hakumwambia unaota, hakumwambia unajua unamsema nani. Akasikiliza habari mbaya iliyomhusu yeye na wanawe mpaka mwisho.

Kusikiliza namna hiyo kuna ufundi wake. Mtoto akianza kusema, acha unachofanya. Usiseme "haiwezekani" hata kwa macho. Usimuulize maswali ya kumwekea maneno mdomoni, kama "alikushika hapa?", maana baadaye mahakamani wakili atasema wewe ndiye uliyemfundisha. Sema tu, "niambie," au "halafu ikawaje?" Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, hiyo ni ahadi utakayolazimika kuivunja, na atakuwa amevunjiwa mara ya pili. Mwambie utawaambia wale tu watakaosaidia. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na kosa si lako. Kisha andika, mapema, kwa maneno yake mwenyewe hata kama ni ya kitoto, hata kama yanakutia haya. Tarehe, saa, sahihi. Karatasi inafungiwa kabatini, haipigwi picha ikatumwa kwenye kundi la kwaya.

Na mara nyingi mtoto hasemi. Anasema "sitaki kwenda mazoezi". Mwenzetu mmoja alimjibu binti aliyesema hivyo, "shetani anakuvuta, vumilia." Binti akavumilia miezi saba zaidi. Yule mwalimu ni mtu mwema, na analia mpaka leo. Siku hizi anawafundisha wengine wasijibu kabla ya kuuliza.

Nimezungumza sana juu ya watoto. Lakini wale wanawake wa mlangoni mwa hema walikuwa watu wazima.

Kwenye karatasi tunaandika "watu wazima walio katika mazingira hatarishi". Ni jina refu, na watu husikia mlemavu au kikongwe, basi. Hapana. Kuna mtu mzima mwenye nguvu zake, mwenye kazi, ambaye wiki mbili baada ya kumzika mumewe hawezi kukataa chochote anachoambiwa na mtu aliyemshika mkono akimwombea. Hatari huja na kuondoka. Ugonjwa, msiba, deni, ulevi, kuchanganyikiwa kwa uzee. Na kanisani ndipo watu huja wakiwa katika hali hizo hizo, tena huja wakitafuta mtu wa kumtii.

Bibi mmoja aliyekuwa hawezi kutoka nyumbani alikuwa akipelekewa Komunyo na mhudumu kila Ijumaa. Mhudumu alikuwa mwaminifu, hakukosa. Akaanza kumsaidia kwenda benki. Akakabidhiwa kadi. Kisha majirani wakaambiwa bibi anahitaji utulivu, wasimsumbue. Kisha simu ya bibi ikawa inapokelewa na mhudumu. Aliyegundua si kamati yoyote. Ni msichana aliyempelekea bibi jarida la parokia, akaona friji tupu, na bibi akamwambia kwa kunong'ona, "usiseme nimelalamika, asije akaacha kuniletea Yesu."

Asije akaacha kuniletea Yesu! Nimelibeba neno hilo miaka kadhaa sasa. Mnaelewa tumeshika nini mikononi mwetu, sisi wahudumu?

Tangu hapo hapa kwetu wagonjwa wanatembelewa na watu wawili, kwa zamu zinazobadilika, na mhudumu haruhusiwi kushika kadi, hati wala wosia wa anayemhudumia. Akipewa zawadi, anaiandika. Tofauti na mtoto ni hii: mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua. Kwanza tunamuuliza anataka nini. Hatumgeuzi mtoto kwa sababu anatembelea kiti cha magurudumu. Tunakwenda mbele bila ridhaa yake pale tu ambapo hawezi kuelewa, au yuko hatarini kwelikweli, au wapo wengine watakaoumizwa.

Mawili ya haraka, maana naona vijana wa mlangoni wanatazama saa. Anayetuhumiwa husimamishwa huduma wakati uchunguzi ukiendelea. Kusimamishwa si hukumu, na atakayemtangaza mtu barabarani kabla ya uchunguzi naye ataulizwa. Anahitaji mtu wa kumsindikiza kiroho, na atapewa. La pili, msamaha. Msamaha ni wa aliyeumizwa kuutoa, kwa wakati wake, au kutokuutoa. Sisi hatuna mamlaka ya kumsukuma mtoto aseme "nimekusamehe" ili sisi tupumue. Na aliyetubu na kusamehewa anaweza kuja Misa, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu anakaa wapi na nani yuko naye. Watoto hatawafundisha tena. Hata akilia.

Fomu ziko meza ya kushoto. Namba ya mratibu, namba ya polisi na ya ustawi wa jamii zimebandikwa mlangoni na, wazazi mtanisamehe, ndani ya vyoo pia, kwa sababu huko ndiko mtu anaweza kuinakili bila kuonekana. Anayetaka kuzungumza nami peke yake, nitakuwa kwenye benchi la nje chini ya dirisha, pamoja na Sista. Kama hutaki kuongea nami kwa sababu mimi ni rafiki wa mtu fulani, Sista ana namba ya mtu wa jimbo asiyemjua yeyote hapa.

Sasa maswali. Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, binti, wewe wa benchi la mlangoni. Usisimame kama hutaki, sema tu ukiwa umekaa. Tunakusikiliza.